Fungu la Maembe Nalo Lichorwe

Mchoro mmoja wa Mfaransa Gustave Caillebotte, wa mwaka 1881 au 1882 hivi, ambao sasa uko katika makumbusho ya sanaa ya Boston, Marekani, unamhusu mtu wa Ujiji, Kigoma, zaidi ya anavyodhani. Hauna bakuli la fedha wala meza ya tajiri. Ni matunda ya kuuzwa, yamepangwa mafungu mafungu yakingoja mnunuzi: machungwa, matufaha, peasi, tini, hata nyanya, yote yakiwa juu ya karatasi nyeupe. Karatasi hizo ndizo zisizomwacha mtazamaji aende zake. Ukizikazia macho, weupe mtupu ni haba. Pana samawati, pana kijivu, pana kivuli kinachoteleza kutoka tunda hadi tunda. Caillebotte, kama wenzake wa kundi la wachoraji walioitwa Waimpreshonisti, hakupaka rangi aliyokaririshwa. Alipaka ile iliyoletwa na mwanga.

Jicho hilo linalifaa fungu la maembe la Ujiji. Yuko atakayesema huo ni ugeni. Lakini mwembe wenyewe ni mti wa Asia, na Ujiji ulistawi zama za misafara ya biashara. Leo nani atauita mwembe mgeni? Pingamizi zito zaidi linatoka kwa Sam Ntiro, mchoraji wetu aliyezaliwa Kilimanjaro, akasoma Makerere na kisha London. Yeye alichora watu na shughuli zao. Katika mchoro wake wa mwaka 1956, ulio New York, wanaume wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Tunda limo, ila ndani ya maisha ya watu. Je, tunda peke yake si picha tupu? Sivyo, kwa sababu fungu halijipangi. Lililoiva vizuri limewekwa juu, lenye doa limegeuzwa. Mkono wa mama muuzaji umo humo, na bei yake pia.

Tena Kigoma iko upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Alasiri jua likielekea Kongo, mwanga humfikia mtu wa ufukweni kutoka angani na kutoka majini. Nani atanunua picha ya fungu la maembe, wakati mgeni anatafuta twiga na simba? Na rangi za mafuta atazimudu nani? Maswali hayo hayana jibu jepesi. Ila penseli za rangi zinatosha kuanzia. Walimu wa sanaa wa Kigoma, msimu ukifika, wapeni wanafunzi fungu moja, walichore asubuhi, kisha walichore tena jioni.