Taa Ndogo ya Mizani na Rezista Yake

Msimu wa ununuzi unapokolea, upimaji wa mazao huendelea hadi giza likaingia, na mkulima ana haki ya kuisoma mizani kwa macho yake mwenyewe. Chemli ndani ya ghala la pamba ni hatari. LED moja nyeupe yatosha kuangaza uso wa mizani, ila isiunganishwe na betri moja kwa moja.

Sababu ni hii. Waya wa balbu ya kawaida ukipata joto huongeza ukinzani, hivyo balbu hujizuia yenyewe. LED haina kinga hiyo: volti zikizidi kidogo tu, mkondo huzidi mno, nayo huungua. Rezista ndiyo huushika mkondo huo.

Tuchukue LED ya volti 3.2 na mkondo wa ampea 0.02. Betri nne za tochi, za volti 1.5 kila moja, zikipangwa mfululizo hutoa volti 6. Toa 3.2, hubaki 2.8; gawanya kwa 0.02, jibu ni omu 140. Dukani ulizieni ya omu 150, ambayo michirizi yake mitatu ya kwanza ni kahawia, kijani, kahawia. Chukueni iliyo juu ya hesabu, kamwe si iliyo chini. Mwanga unaopungua ni mdogo mno hata jicho halitambui.

Wenye betri ya gari wasihesabu volti 12, kwani inapochajiwa huweza kufika 14.4. Zikitolewa 3.2 hubaki 11.2, yaani omu 560. Na kwa kuwa rezista hiyo hubeba karibu robo wati, inunuliwe ya nusu wati.