Duka likirudi nyuma kwa vitisho, tulisusie?

Mei 2023, kampuni ya maduka ya Target nchini Marekani iliondoa baadhi ya bidhaa za Pride, mwezi wa Juni ambao watu wa LGBTQ husherehekea. Ilisema wafanyakazi wake walikuwa wakitishwa.

Kama una ndugu aliyepata makazi mapya huko, huenda naye anajiuliza: nisusie duka la namna hiyo?

Mwambie apime mambo mawili. Kwanza, mkosaji ni anayetisha. Muuzaji wa kaunta hakuamua lolote, na usalama wake ni haki yake. Hata hivyo, kampuni ikirudi nyuma, wenye vitisho huona wamefaulu.

Pili, kususia kimyakimya hakusemi kitu. Mwaka huohuo wapinzani wa Pride nao waliisusia Target. Mauzo yakishuka, kampuni itajuaje ni nani ameondoka?

Kwa hiyo, akiamua kususia, aiandikie kampuni: kwa nini ameacha kununua, na ifanye nini ili arudi. Kwa mfano, irudishe bidhaa, iimarishe ulinzi na kuripoti vitisho polisi. Bila dai, anaweza kuhesabiwa upande wa wapinzani.