Neno la Siri la Mtoto ni Amana

Jumatatu moja ya muhula uliopita, mama mmoja wa mtaani kwetu aliitwa shuleni. Bintiye wa Gredi ya Saba alishtakiwa kwamba amemwandikia mwalimu maneno machafu katika ukurasa wa darasa wa kompyuta. Jina lililokuwa juu ya ujumbe lilikuwa la bintiye. Mtoto alilia, akaapa kwamba si yeye, na hakuna aliyemsadiki. Mama alipoinua macho ndipo alipoiona karatasi iliyobandikwa kando ya ubao: majina ya darasa zima, na mbele ya kila jina neno la siri la mwenyewe. Tena maneno yote yalikuwa ya namna moja, jina la shule likifuatwa na namba ya usajili ya mtoto.

Ujumbe ule ungeweza kuandikwa na yeyote aliyepata kuingia chumbani mle. Shule ilimwondolea binti adhabu, lakini kwa muda wa wiki nzima wenziwe walikuwa wamekwisha kumnyooshea kidole, na sifa ya mtoto wa kike ikishapakwa tope haisafishwi kwa barua ya kuomba radhi. Hilo ndilo lililotusukuma kuandika.

Sisi watu wa pwani tumelelewa kwa hodi. Kabla hajajua kusoma, mtoto hufunzwa kwamba mlango wa mwenziwe hausukumwi hata ukiwa wazi, na adabu hiyo ya kuomba idhini tumeikuta katika Suratun-Nur. Ukurasa wa mwanafunzi nao ni chumba chake. Mna kazi zake, alama zake, makosa yake ya hesabu na mazungumzo yake na mwalimu.

Hatuwatupii walimu lawama zote. Kipindi ni dakika 40, watoto ni wengi kuliko kompyuta, na kila siku wapo kumi waliosahau neno. Mwalimu akihangaika na hao kumi, somo limekwisha. Karatasi ya ukutani ilizaliwa na dhiki hiyo. Hata hivyo, dhiki hiyo ina dawa isiyo na gharama kubwa. Kila mtoto aandikiwe kadi yake ndogo, agaiwe mwanzo wa kipindi, irudishwe mwisho wa kipindi, na kadi zote zifungiwe kwenye droo yenye ufunguo. Orodha kamili ibaki kwa mwalimu mmoja anayesimamia kompyuta. Isitumwe kamwe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, kama tulivyoona ikitumwa, kwani kilichoingia katika simu themanini hakirudi tena mkononi.

Lipo na jambo lingine ambalo wazazi wengi hawalijui. Katika programu nyingi za madarasa, msimamizi anaweza kumpa neno jipya mwanafunzi aliyesahau, na kumlazimisha alibadilishe mara tu aingiapo. Maana yake ni kwamba hakuna haja ya mwalimu kulijua neno la mtoto mkubwa. Likisahauliwa, hutolewa jingine, basi. Wadogo wasioweza kuandika vizuri hupewa picha za kuchagua, au kadi yenye alama inayosomwa na kamera. Nayo kadi hiyo ni ufunguo, isipigwe picha wala kuvaliwa shingoni mchana kutwa.

Neno lenyewe lisiwe tarehe ya kuzaliwa wala jina la baba. Kituo cha Taifa cha Usalama wa Mtandao cha Uingereza huwashauri watu waunganishe maneno matatu yasiyohusiana. Mtoto anaweza kuchukua kikapu, mvua na ndimu, akayakumbuka kwa kucheka. (Tafadhali asichukue hayo yetu, sasa yanajulikana na kila msomaji.) Afunzwe pia kwamba kufunga dirisha la kompyuta si kutoka. Abonyeze pa kutokea, na kompyuta ya shule ikimuuliza kama ilikumbuke neno lake, ajibu la.

Walio na vijana waliomaliza Kidato cha Nne wawe macho zaidi. Katika tovuti ya KUCCPS ya kuchagua kozi za vyuo, kwa miaka kadhaa mwanafunzi amekuwa akiingia mara ya kwanza kwa namba ya cheti cha kuzaliwa au ya mtihani wa KCPE. Namba hizo zimo katika faili za shule, na mara nyingi katika kompyuta ya saiba alikopiga chapa cheti chake. Abadilishe neno siku hiyo hiyo, kwa mkono wake mwenyewe.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kushughulikiwa, na manufaa ya mtoto yatangulizwe. Habari zikivuja na kuhatarisha wenyewe, Kamishna wa Data hupaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Mwaka 2023 afisi ya Kamishna huyo iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Nyumbani, neno la mtoto mdogo liandikwe na mama, liwekwe kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa, si nyuma ya daftari. Kwa binti aliyebaleghe tungependa yawe makubaliano: anajua kwamba mamake anaweza kuomba kuona, na mama naye anabisha hodi kwanza.

Katika mkutano wa wazazi wa muhula ujao tumekusudia kuuliza mawili: orodha ya maneno ya siri iko wapi, na nani ana ufunguo wa droo.