Ndoa bila mtoto: Mke amepimwa, mume je?

Chukua mfano huu. Kijana wa Zinga, wilayani Bagamoyo, ameoa. Mwaka wa kwanza umepita, wa pili nao, mtoto hakuna. Mama mkwe ameshaanza maneno, mashangazi kila wakija wanauliza "vipi, bado?" na mke ameshazungushwa kwa waganga watatu. Mwisho kijana anaoa mke wa pili. Naye hashiki mimba. Hapo ndipo majirani wanapoanza kunong'ona.

Katika kisa kama hiki, mtu mmoja hajapimwa: mume. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza mwaka 2023 kuwa takriban mtu 1 kati ya 6 hukumbwa na ugumba katika maisha yake. Karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, tatizo la mwanaume lipo, peke yake au pamoja na la mke.

Baadhi ya wanaume hao wamezaliwa nalo. Hawakurogwa, wala si adhabu ya ujana wao. Kwa kawaida mwanaume ana kromosomu 46, zikiwamo X moja na Y moja. Wapo wanaozaliwa na X ya ziada, zikawa 47. Hali hiyo huitwa Klinefelter, jina la daktari wa Marekani aliyeieleza mwaka 1942. Mwenye nayo anaweza kuwa na nguvu za kiume kama wengine, lakini korodani zake huwa ndogo na mara nyingi manii yake hayana mbegu.

Wengine wamepungukiwa kipande kidogo cha kromosomu Y, kile kinachosimamia utengenezaji wa mbegu. Wengine wamezaliwa bila mirija ya kupitisha mbegu: zinatengenezwa, ila hazina njia ya kutokea. Wapo pia ambao vipande vya kromosomu zao vimebadilishana nafasi. Mke anashika mimba, lakini zinaharibika mara kwa mara.

Mzazi, mwanao akifika miaka 14 bila dalili yoyote ya kubalehe, au matiti yamekua na hayapungui, usimcheke. Mpeleke hospitali.

Kwa wanandoa, mkikaa mwaka mzima bila kinga na bila mimba, nendeni wote wawili. Mke akiwa na miaka 35 au zaidi, msingoje zaidi ya miezi 6. Kipimo cha kwanza cha mume ni cha manii, baada ya siku 2 hadi 7 bila tendo la ndoa. Mbegu zikikosekana au zikiwa chache mno, kipimo hurudiwa, kisha daktari huangalia homoni na kromosomu, pengine kwa rufaa ya Dar es Salaam.

Jihadhari na sindano za testosteroni za kuongeza nguvu. Huzima utengenezaji wa mbegu.

Tumaini lipo, ingawa gharama ni kubwa. Hata kwa baadhi ya wenye Klinefelter, wataalamu huweza kupata mbegu ndani ya korodani na kurutubisha yai maabara. Ila ulizeni kwanza: upungufu wa kromosomu Y baba humrithisha mwanawe wa kiume.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwa mume anayekwepa kipimo huku mkewe akibeba lawama, hawakuwa wanasema kwa mafumbo.