Mkono, bunduki au risasi?

Majuzi kijana mmoja alinisimamisha pale kituo cha basi Posta. Alikuwa ametazama kwenye televisheni mashindano ya kulenga shabaha, na jambo moja lilimkera. "Mzee," akaniuliza, "wale jamaa wakikosa, kosa ni la mkono au la bunduki?" Nikamwambia amesahau mshitakiwa wa tatu, yaani risasi yenyewe. Kabla sijaeleza, basi lake likaja, naye akaning'inia mlangoni. Basi leo nalitoa jibu nililobaki nalo mdomoni, na ndani yake kuna kosa langu mwenyewe ambalo mtu mwingine alililipia.

Kiswahili chetu kina uchumi wake. Risasi ni ile metali laini na nzito, na risasi ni kile kinachotoka bundukini. Kwa bunduki ndogo ya .22, ambayo mtutu wake una upana wa milimita 5.6 tu, uchumi huo haukosei, kwani kichwa cha risasi yake ya mashindano ni risasi tupu, kimepakwa nta au grisi, na uzito wake ni gramu 2.6 hivi. Bunduki hii ndiyo hutumika kwenye Olimpiki kwa umbali wa mita 50. Duara la alama kumi lina upana wa milimita 10.4, kama kifungo cha shati. Hebu simama upande mmoja wa uwanja wa mpira, mtu akushikie kifungo katikati ya uwanja, ndipo utajua ninasema nini.

Sasa sikiliza jinsi inavyotengenezwa. Risasi za bunduki kubwa zina fataki yake katikati ya kitako, na pini hugonga pale pale. Hii ndogo haina kitu katikati. Kitako chake kina ukingo uliokunjwa, na dawa ya fataki hutiwa ikiwa mbichi, halafu ganda likazungushwa kwa kasi hadi dawa itambae ndani ya ukingo wote, ndipo ikaushwe. Pini hugonga ukingoni, popote patakapoangukia. Ikiwa upande mmoja dawa ni nene na upande mwingine ni nyembamba, moto hautakuwa sawa. Baruti yenyewe haifiki hata robo ya gramu, kwa hiyo tofauti ndogo sana ni kubwa kwake. Tena mwenye bunduki kubwa anaweza kujipimia baruti nyumbani kwake akiridhika. Mwenye bunduki ndogo hula alichopikiwa na kiwanda.

Nilijifunza haya mwanzoni mwa miaka ya 1990, nilipokuwa masomoni Uingereza. Jioni za Alhamisi nilikuwa mwanachama wa klabu ndogo ya kulenga shabaha, watu ishirini hivi, na birika la chai lililovuja. Siku moja nahodha alinikabidhi makasha mawili ya risasi za viwanda tofauti, akaniambia nijaribu, klabu inunue ipi kwa msimu mzima. Nikalala kifudifudi, nikapiga tano za aina ya kwanza. Kutoka tundu la mwisho upande huu hadi la mwisho upande ule ilikuwa milimita 13. Nikapiga tano za aina ya pili, zikawa milimita 22. Nikasimama kwa majivuno nikatangaza hukumu. Karatasi yenye milimita 13 ikabandikwa ukutani, na mtunza fedha akanunua risasi 5,000 za aina niliyoichagua.

Timu yetu ilikuwa na watu watano. Mmoja alikuwa dada aliyeuza viatu dukani, mtulivu, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa bora kuliko sisi wanaume. Msimu ule, kila alipofikia risasi ya kumi au ya kumi na tano, moja ilianguka chini, kwenye alama ya nane. Wengine nasi tulipata zetu mbaya, lakini sisi tulizizoea. Nahodha akasema dada anafumba macho anapofyatua. Mwezi wa Desemba akaondolewa kwenye timu. Mimi sikusema neno, kwa sababu nilikuwa na ushahidi wangu ukutani.

Aliyetukomboa ni mzee mmoja, fundi wa viwandani aliyestaafu. Huyu alikuwa hapendi maneno. Jumamosi moja akafunga bunduki ya yule dada kwenye jiliwa lililokazwa juu ya meza ya zege, mkono wa mtu ukatoka kwenye kesi. Kila alipobadili aina ya risasi alipiga kumi za bure kwanza, kwa sababu nta ya aina moja hubaki ndani ya mtutu ikaharibu majibu ya aina nyingine. Kisha akapiga arobaini arobaini, kwa mafungu ya kumi, akibadilishana aina. Risasi nilizochagua mimi zilitoa milimita 21, 33, 24 na 36. Zile nilizozikataa zilitoa 18, 21, 19 na 22.

Nilidhani amefanya uchawi, kumbe ni hesabu. Ukienda Kariakoo ukachukua machungwa matano ya juu, hujalijua gunia. Risasi tano ni machungwa matano. Bunduki ileile, kasha lilelile, hewa ileile, mafungu mawili ya tano tano yanaweza kuwa milimita 13 na milimita 22 bila sababu yoyote ila bahati. Tena unapopima kutoka tundu la mwisho hadi la mwisho, unatumia matundu mawili tu na kuyatupa mengine. Kwa hiyo mzee alitafuta kitovu cha matundu yote, akapima kila tundu liko mbali kiasi gani na kitovu, akatafuta wastani. Na hapa mnunuzi ajihadhari: fungu la kumi kwa kawaida huwa pana kuliko fungu la tano kwa karibu robo, hata risasi zikiwa zilezile. Anayekuonyesha karatasi ya matundu matano na anayekuonyesha ya matundu kumi hawashindani kwa haki. Ukionyeshwa karatasi moja nzuri, uliza nyingine ziko wapi.

Mzee alikuwa pia ameazima chombo cha kupima mwendo. Risasi zangu zilitofautiana mita 30 kwa sekunde kati ya ya polepole na ya haraka. Zile nyingine mita 12. Risasi hizi za mashindano huondoka kwa kama mita 325 kwa sekunde. Ikipungua mita 10, kwenye shabaha ya mita 50 hushuka kwa milimita saba au nane zaidi. Zidisha mara tatu uone alama ya nane ya yule dada ilitoka wapi. Kwa mita 100 pungufu hilohilo la mita 10 huwa zaidi ya sentimita tatu.

Msikilizaji mwingine atasema, basi nunua zenye kasi kubwa zaidi. La hasha! Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Risasi inayotoka kwa mita 380 huipita sauti, halafu hewa huikaba, nayo hurudi chini ya mwendo wa sauti kabla ya kufika mita 100, na katika kuvuka mpaka ule hutikiswa. La ajabu zaidi, upepo wa ubavuni huisukuma mbali zaidi kuliko ile ya polepole. Upepo hulipisha kwa muda ambao risasi imecheleweshwa na hewa njiani, na hewa huichelewesha vibaya zaidi ile iliyotaka kukimbia kuliko sauti. Sikuamini mpaka nilipoona bendera na karatasi pamoja.

Wakubwa wa mchezo huu hawanunui jina lililo juu ya kasha, hununua namba ya fungu, yaani zile zilizotengenezwa pamoja. Makasha mawili ya rangi moja na bei moja, yenye namba tofauti, ni risasi mbili tofauti. Ndiyo maana watengenezaji kama Eley wa Birmingham, na Lapua, ambao risasi zao ndogo hutengenezwa Schönebeck, Ujerumani, wana sehemu za kujaribia. Mlenga shabaha husafiri na bunduki yake, ikafungwa kwenye chuma, wakapiga fungu moja baada ya jingine, akaondoka na lile ambalo mtutu wake umelipenda. Mtutu wa jirani huenda ukalikataa. Sergei Martynov wa Belarus alipopata 600 kati ya 600 akilala kifudifudi kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, mkono wake ulikuwa wa ajabu, lakini risasi moja tu ya tabia ya zile zangu ingetosha kumnyima.

Karatasi yangu iliondolewa ukutani Jumamosi ileile. Jioni nilikwenda dukani kwa yule dada nikamweleza. Alikuwa amepiga magoti akimfunga mtoto kamba za viatu. Akaniuliza, "Ulipiga ngapi kabla hujaamua?" Nikasema kumi, tano na tano. Akaendelea kufunga kamba.

Alirudi kwenye timu mwezi wa Machi, kwanza kama mtu wa akiba. Zile risasi zilizobaki, karibu elfu tatu, tuliwapa wanaoanza kujifunza, nao tuliwaambia mapema kwamba alama ya nane iliyo chini isiwatoe machozi.