Kiharusi Ndani ya Homa ya Uti wa Mgongo: Maelezo kwa Familia Inayomuuguza Mzazi

Miongoni mwa maswali ambayo jamaa za wagonjwa huyauliza katika wadi za magonjwa ya ndani, liko moja ambalo huulizwa kwa sauti ya lawama kuliko ya udadisi: mzazi wetu aliletwa hapa na homa ya uti wa mgongo, akaanzishiwa dawa, iweje leo apooze upande mmoja? Swali hilo ni la haki, na jibu lake lisipotolewa mapema na kwa lugha inayoeleweka, familia hujitafutia jibu lake yenyewe. Mara nyingi jibu hilo humwondoa mgonjwa hospitalini wakati ambapo kuondoka ni hatari kuliko wakati mwingine wowote.

Tuanze na jina, kwa kuwa jina lenyewe hupotosha. Homa ya uti wa mgongo si ugonjwa wa mifupa ya mgongo. Ni maambukizi ya utando mwembamba unaoufunika ubongo na uti wa mgongo, pamoja na maji yanayozunguka humo. Vijidudu viwezavyo kuleta maambukizi hayo ni vingi: bakteria wa aina mbalimbali, virusi, na fangasi aitwaye kriptokoka ambaye huwashambulia zaidi watu wenye kinga iliyoshuka kutokana na VVU. Makala haya yanahusu yule anayefahamika sana kwa kuacha kiharusi nyuma yake, yaani bakteria wa kifua kikuu, aliyetangazwa na Robert Koch mjini Berlin mwezi Machi 1882.

Bakteria huyu huingia mwilini kwa njia ya hewa na kutua kwenye mapafu. Kwa baadhi ya watu husafiri kwa damu hadi kwenye ubongo na kuweka vijiuvimbe vidogo sana ambavyo huweza kukaa kimya kwa muda mrefu. Mwaka 1933 Arnold Rich na Howard McCordock walieleza kwamba kijiuvimbe cha namna hiyo kinapopasuka na kumwaga vilivyomo ndani ya maji ya ubongo, ndipo ugonjwa wenyewe huanza. Mwili hujibu kwa uvimbe mkali. Ute mzito, unaokaribia kufanana na gundi, hujikusanya hasa chini ya ubongo, na hapo ndipo penye hatari yote, kwani ndipo inapopita mishipa mikuu ya damu inayoulisha ubongo, ikiwa imeungana katika umbo la duara. Kutoka kwenye mishipa hiyo huchomoza vijishipa vyembamba mno vinavyopanda kwenda kulisha sehemu za ndani zinazosaidia kuongoza mwendo wa mikono na miguu.

Vijishipa hivyo vikizingirwa na ute ule, kuta zake huvimba na kuwa nene, tundu la kupitishia damu likazidi kuwa dogo, na hatimaye huweza kuziba kabisa. Sehemu ya ubongo iliyotegemea damu hiyo hufa. Hicho ndicho kiharusi. Si ugonjwa wa pili uliomvamia mgonjwa kitandani, wala si lazima awe na shinikizo la damu. Ni ugonjwa ule ule umefika kwenye mishipa. Tena, kwa kuwa uvimbe hauishi siku ile ile bakteria wanapoanza kufa, kiharusi huweza kutokea hata baada ya siku au wiki kadhaa za matibabu sahihi.

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa wahudumu wengi wa wadi watautambua. Mwalimu mstaafu wa miaka 58 anaumwa kichwa kwa wiki tatu. Anatibiwa malaria, kisha taifodi. Anapungua uzito, anakuwa mkimya, halafu anaanza kuwaita wanawe kwa majina ya ndugu zake waliokwisha kufariki. Wengine nyumbani wanasema amechezewa, na siku nne zinapotea kwa mganga. Anapofika hospitalini shingo imekakamaa na hajui yuko wapi. Anachomwa sindano ya mgongo ili maji yapimwe, na dawa zinaanza jioni ile. Siku ya tatu mkono na mguu wa kulia havisogei, na maneno hayatoki. Mdogo wake, aliyesafiri usiku kucha kwa basi, anamwambia binti mkubwa wa mgonjwa: "Mwanangu, nilikataza sindano ile. Mmeona sasa? Tumchukueni kaka yangu twende nyumbani." Binti anajibu, "Baba mdogo, nimekusikia. Naomba kwanza tumsikilize daktari, kisha kikao kiamue."

Daktari anapaswa kuianza kazi yake kwenye sindano, maana ndiyo inayobeba lawama. Kipimo hiki kilianzishwa na Heinrich Quincke nchini Ujerumani mwaka 1891. Uti wa mgongo wa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huchomwa chini ya hapo, mahali ambapo hakuna uti bali nyuzi za mishipa ya fahamu zinazoelea ndani ya maji, nazo husogea pembeni sindano inapopita. Maumivu ya kichwa kwa siku kadhaa ni jambo la kawaida. Hatari kubwa zaidi zipo lakini ni za nadra, na ndiyo sababu daktari humkagua mgonjwa kwanza na pengine kutaka picha ya CT ya kichwa kabla ya kuchoma. Mkono wa mwalimu wetu haukupooza kwa sindano ya kiunoni. Njia za fahamu za mkono hutoka shingoni, na maneno yake yamepotea kwa sababu kiharusi kimepiga upande wa kushoto wa ubongo, ambako kwa watu wengi ndiko kunakotawala usemi.

Bila maji yale, familia ingekuwa inatibu kwa kubahatisha. Hata hivyo, kipimo nacho kina mipaka. Mashine ya GeneXpert ikimwona bakteria, jambo limethibitika. Isipomwona, ugonjwa haujakanushwa, kwa kuwa bakteria katika maji hayo huwa wachache mno. Daktari huweza kuanzisha dawa kwa kuzingatia dalili na sura ya maji peke yake. Jamaa wakiambiwa "kipimo hakijaonyesha, lakini tunaendelea na dawa", wasidhani wanafichwa jambo.

Kabla ya kupatikana kwa streptomaisini katika miaka ya 1940, ugonjwa huu ulikuwa karibu sawa na hukumu ya kifo. Leo mgonjwa hupewa dawa nne kwa miezi miwili, kisha dawa mbili, rifampisini na isoniazidi, hadi muda wote utimie, kwa kawaida miezi 12, maradufu ya muda wa kifua kikuu cha mapafu. Katika vituo vya serikali nchini Tanzania dawa hizi hutolewa bure. Pamoja nazo huongezwa dawa ya kupunguza uvimbe, deksamethasoni. Utafiti uliofanyika Vietnam na kuchapishwa mwaka 2004, ukiwahusisha wagonjwa 545, ulionyesha kwamba waliopewa dawa hiyo walikufa wachache zaidi: takriban 32 katika kila 100, ukilinganisha na 41 kwa wasiopewa. Lakini haukuonyesha kwamba ulemavu mkubwa ulipungua waziwazi. Naona ni afadhali familia iambiwe ukweli huo wote wawili. Dawa huokoa maisha ya wengi; kiungo kilichokwisha kupooza hazikirudishi zenyewe. Kwa wenye VVU faida ya deksamethasoni haikuonekana wazi hivyo katika utafiti wa baadaye, na kama mgonjwa hajaanza dawa za kufubaza virusi, madaktari huzichelewesha kwa wiki kadhaa ili kinga inayoamka ghafla isiuongeze uvimbe kichwani.

Kuacha dawa kwa sababu ya kiharusi, basi, ni kumwachia moto uendelee baada ya ukuta mmoja kuanguka. Deksamethasoni nayo haiachwi kwa siku moja. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa kwa maelekezo ya daktari.

Mambo mengine huweza kumrudisha mgonjwa nyuma, na baadhi yake hutibika. Ubongo hutengeneza takriban nusu lita ya maji kila siku, na ute ukiziba njia zake, maji hujaa na kuubana ubongo kwa ndani. Upasuaji wa kuweka mrija wa kuyapitisha huweza kumwokoa mtu. Chumvi katika damu hushuka. Degedege huweza kuanza. Kwa hiyo usingizi uliozidi, kutapika, kichwa kinachouma upya, au macho kuona vitu viwili ni habari ya kumpelekea muuguzi saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane. Nyumbani vivyo hivyo: macho yakiwa ya manjano au mgonjwa akikataa chakula na kutapika, huenda dawa zinaumiza ini, akisema haoni vizuri, ethambutoli huenda ndiyo sababu. Mkojo wa rangi ya chungwa unatokana na rifampisini na si wa kutisha.

Sasa tuje kwenye kazi ambayo hakuna daktari anayeweza kuifanya kwa niaba ya jamaa. Mgonjwa asiyejigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ama sivyo vidonda vya kulalia vitatokea kwenye makalio na visigino, na kidonda kimoja huweza kuchukua miezi kupona. Asinyanyuliwe kwa kuvutwa mkono uliopooza; bega lake limelegea na huteguka upesi. Viungo vinyooshwe taratibu kila siku kama mtaalamu wa mazoezi tiba atakavyoonyesha, ili visikakamae.

Kulisha ndiko kunakohitaji tahadhari kuliko yote, na ndiko upendo unakoleta madhara bila kukusudia. Shangazi amefika na uji wa ulezi, anataka kaka yake apate nguvu. Anamnywesha akiwa amelala chali, na uji unaingia mapafuni. Mgonjwa anayekohoa anapomeza, au ambaye sauti yake inakuwa ya majimaji baada ya kunywa, asipewe kitu mdomoni mpaka uwezo wake wa kumeza upimwe. Kwa muda huo atalishwa kwa mpira upitao puani, ukiwamo uji huo huo ukiwa mwepesi na umechujwa, akiwa ameinuliwa, na asilazwe kwa nusu saa baada ya kula. Hata dawa za kifua kikuu hupitia hapo kwa maelekezo ya mfamasia.

Kupotea kwa maneno si kupotea kwa akili. Wapo wanaoelewa kila neno na kushindwa kulijibu, nao husikia wanapojadiliwa mbele yao kama mizigo. Mzee aendelee kupewa shikamoo yake. Aulizwe maswali ya kujibiwa kwa kutikisa kichwa, na apewe muda. Wengine hubadilika tabia: baba mpole akawa mkali, mama mcheshi akakaa siku nzima bila kutaka jambo lolote. Hayo ni majeraha ya ubongo, na mtoto anayetukanwa na mzazi aliyemlea kwa upole anahitaji kuambiwa hivyo mara nyingi, si mara moja.

Katika familia nyingi kazi hii yote humwangukia mtu mmoja, kwa kawaida binti au mke, huku wengine wakituma fedha na ushauri kwa simu. Miezi 12 haibebwi na mtu mmoja. Kikao cha familia kitaje kwa jina nani analala na mgonjwa siku zipi, nani anafuata dawa kliniki, na nani anashika daftari la matumizi, kwa maana nauli na chakula huumaliza mfuko hata pale dawa zinapokuwa bure. Maendeleo huonekana zaidi katika miezi ya mwanzo, lakini baadhi ya wagonjwa huendelea kupata nafuu hata baada ya hapo.

Watu wote wanaoishi na mgonjwa wapelekwe kupimwa kifua kikuu. Ugonjwa wa ubongo peke yake hauambukizi, lakini huenda mgonjwa anao pia mapafuni, au aliupata kwa mtu anayekohoa ndani ya nyumba ile ile. Watoto walio chini ya miaka 5 wasisubiriwe waugue. Wakikutwa hawana ugonjwa hupewa dawa ya kinga, hata kama walichanjwa BCG walipozaliwa.