Upinde, Podo na Ukaguzi wa Bwana Nyama

Kukagua ni kutazama kitu kwa makini ili kuijua hali yake na kazi yake. Zamani za utawala wa Kiingereza, afisa aliyesimamia uwindaji katika Tanganyika aliitwa Bwana Nyama. Siku hizi wawindaji hukaguliwa porini na askari wa wanyamapori. Yatupasa walimu kujua atazamacho askari huyo, maana mtu aweza kufungwa kwa kukosa maneno ya kukieleza chombo chake.

Upinde una upote, na mishale hukaa katika podo. Mshale una sehemu tatu: chembe, ndicho kichomacho, wano, ndio mti wake, na manyoya yauongozayo. Chembe kikiwa kimezungushiwa ngozi nyembamba, yamkini kina sumu, kwa kuwa sumu hufunikwa isikauke wala isimdhuru mchukuzi.

Tena mshale huweza kumtaja mwenyewe. Waata wa Kenya, ambao wengine waliwaita Waliangulu, walikuwa wawindaji hodari wa tembo, na kila mtu aliitia mishale yake alama yake. Desturi hii ilikuwa ya haki: tembo alipokufa mbali, alama ilionyesha pembe ni za nani. Lakini katika msako wa Tsavo wa miaka ya 1956 na 1957, ulioongozwa na David Sheldrick na Bill Woodley, alama zile zile zikawa ushahidi juu ya wenyewe.

Katika Tanzania, Sheria ya Hifadhi za Taifa yasema kwamba mtu akikutwa ndani ya hifadhi na silaha bila kibali, asipomridhisha afisa kuwa haikukusudiwa kuua wala kukamata mnyama, amekosa. Angalieni basi: si askari apaswaye kueleza, bali mwenye silaha. Na silaha si upinde tu. Hata panga la kukatia kuni limewafikisha wengi mahakamani.

Huku kwetu Msimbati hatuna hifadhi ya taifa, ila tangu mwaka 2000 tumo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Hapa vikaguliwavyo ni nyavu, madema na mikuki, lakini swali ni lile lile: chombo hiki ni cha nini? Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 yakataza baruti na sumu. Kwa hiyo utupa, ambao wazee walikuwa wakiuponda na kuutia katika vidimbwi vya maji kupwa, kwao ulikuwa dawa ya samaki. Mbele ya sheria ni sumu.

Basi tuwafundishe vijana majina ya zana za baba zao, na kazi ya kila moja, na mipaka ya mahali inaporuhusiwa. Ajuaye kukitaja chombo chake na kukieleza ataweza kujibu aulizwapo. Asiyejua, ukimya wake utahesabiwa kuwa hatia.